Umelala Wapi Jana

Mbao za Nyamugo zilikuwa bado zinatoa moshi
kama mtu anayenung'unika usingizini
niliponunua daftari la kurasa mia.
Mtoto wa dukani akaniuliza, "Mama, umerudi shule?"
Nikasema, ndiyo.

Safu ya kwanza: jina.
Ya pili: watu wangapi.
Ya tatu niliifuta mara mbili,
kisha nikaiandika kama tunavyosemezana:
umelala wapi jana?

"Kwa shemeji."
"Kwa shemeji, lakini shemeji ana macho."
"Chini ya meza ya sambaza, nimefukuza paka."
Mzee Bashige alisema, "Jana? Sikulala."
Nikaandika: hakulala.

Namwezi nilikutana naye mara tatu.
Parokia wamemwandika Namwezi, watoto wanne.
Ofisi ya meya wamemwandika Namweze, watoto watatu.
Shirika la maturubai wamemwandika Mwezi,
mwanamume, mjane.
Watu watatu kwenye karatasi,
na usiku hakuna hata mmoja wao mwenye mlango.

Parokia ina mbao, haina misumari.
Ofisi ya meya ina kiwanja upande wa Panzi,
kiwanja hakijapimwa.
Mpimaji yupo, anasubiri barua.
Barua ipo, inasubiri muhuri.
Muhuri umo kabatini,
na mwenye ufunguo amekwenda matanga huko Walungu.

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Sisi hapa vidole ni kumi,
na chawa anapita katikati
akitembea, hana haraka.

Ijumaa nikawaita wote
kwenye kibanda cha Mushagalusa, fundi viatu,
kwa sababu pale hakuna kiti cha mkubwa:
kuna benchi moja, na linayumba.
Padri alifika na tope hadi magotini.
Dada wa ofisi ya meya alipakata mkoba wake
kama mtoto mwenye homa.
Kijana wa maturubai alikuja na beji, na aibu kidogo.
Tukaweka orodha tatu juu ya ngozi iliyokatwa nusu,
tukasoma majina kwa sauti
kama yanavyosomwa ya marehemu,
ila hawa walikuwa wamesimama mlangoni
na kila mmoja aliitika, "Niko!"
Namwezi aliitika mara tatu.
Ya tatu alicheka.

"Garanti ni miezi sita," alisema Cirhuza, mwenye vyumba.
"Si mimi. Ni mji."
"Mji ni nani?" Namwezi akamuuliza.
"Nionyeshe, nimsalimie."

Hakuna aliyejibu. Nyundo iligonga kisigino.
Mushagalusa akatema msumari kiganjani:
"Mimi mteja asiye na pesa nampa kiatu kimoja.
Akirudi na iliyobaki, nampa cha pili.
Hajapotea hata mmoja.
Mtu wa kiatu kimoja ataenda wapi?"

Cirhuza alicheka mpaka akashika benchi,
na alipomaliza kucheka
miezi sita ilikuwa miwili,
na wa tatu padri akaubeba kwa jina la parokia,
na kijana wa beji akasema misumari anayo,
imelala ghalani tangu Pasaka,
hakuna aliyemwomba.

Hakuna aliyemwomba!
Nimeliandika hilo pembeni, nje ya safu.

Jumatatu nilimkuta anafagia.
"Umelala wapi jana?"
Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya mbali.
Kisha: "Kwangu."
Neno dogo. Niliiandika kila herufi taratibu.

Yamebaki majina arobaini na moja,
na mvua imeanza kulamba mteremko.
Mwenye ufunguo bado yuko Walungu.

Jioni hii mtoto wa mwenye nyumba wangu amebisha hodi:
"Baba anasema, mwezi ujao, dola kumi zaidi."
Nimemshukuru. Nimefunga mlango
wa mbao, ule ule unaoitwa wangu.
Daftari liko wazi, ukurasa haujaguswa.
Kalamu ninayo mkononi.
Naangalia safu ya kwanza.