Bango la Saluni, Nkuhungu

Ndahani alilikuta kwenye buti la Noah
iliyoshuka bandarini bila redio, bila jeki:
jarida la Kijapani, limelowa oili,
limekunjwa chini ya tairi la akiba.
Hakujua hata herufi moja.
Akalisoma siku tatu.

Akaja nalo kwangu, nimefika katikati ya kichwa cha mteja.
"Mama Shaibu, tazama."
Nikatazama, kitana mdomoni.
Msonobari wa wino wa kale, umepinda kama kiwiko,
mbingu nzima imebandikwa dhahabu,
na juu ya tawi, bila haya, binti wa katuni:
macho kama visahani vya chai,
nyota mbili ndani ya kila jicho,
nywele za bluu, raba miguuni.
Nikasema, nani kamruhusu huyu kuingia humu?
Akasema, hajaingia. Kazaliwa humo humo.
Huo mti ni babu yake.

Kisha akaniwekea kidole nisipopaona:
"Hakuna kivuli. Hakuna mbali, hakuna karibu.
Mti, mbingu, mtoto, wote mkeka mmoja."
Nikatoka nje kumwaga maji ya dawa.
Saa sita, jua la Dodoma limesimama utosini,
na mimi pia sikuwa na kivuli.

Wateja hunitania:
Mrangi gani huyu, ukuta wote mweupe?
Nacheka kwa adabu, naongeza mia tano kwenye bei.
Lakini ni kweli, nimezaliwa Kolo, chini ya ile miamba,
na nimepanda mara moja tu, na darasa la nne,
nina njaa, na kiatu cha dada kinanibana.
Mwalimu alisema, msiguse.
Nilichobaki nacho ni nywele.
Watu wembamba kama njiti, wekundu,
vichwa vikubwa, vimejazwa, vimetengenezwa.
Kuna mtu alikaa chini, akavumilia kuvutwa,
ndipo akaenda kuchorwa.

Nilimwambia Ndahani hivyo. Hivyo tu.
Kesho yake akapanda basi la Kondoa.

Alirudi na udongo mwekundu kwenye kopo la maziwa.
Si wa mwambani, aliapa, wa kandokando ya lami.
Akaukoroga na rangi ya mafuta, ukagoma,
akaukoroga tena usiku, akitukana polepole,
asubuhi ukakubali.

Bati, futi nane kwa nne.
Ni wale wale wa mwambani, shingo zile zile,
ila sasa wana visahani na nyota.
Mmoja kasuka twende kilioni,
mmoja yebo yebo mpaka kiunoni,
wa tatu mabutu mawili yanayorusha cheche,
na twiga yupo katikati yao, kope ndefu,
anasubiri zamu.

Bwana wa halmashauri akafika na kitabu cha stakabadhi.
Ada hutegemea aina. Akalizunguka bango mara mbili,
ingawa nyuma hakuna kitu, bati tupu.
"Hii ni katuni, au ni mambo ya kale?"
Nikasema, andika saluni.
Kalamu ikasita. Akapiga picha kwa simu,
akamtumia mkubwa wake.
Mkubwa hajajibu mpaka leo.

Rangi nyeupe iliisha kabla ya jicho la mwisho.
Ndahani alisema Jumatatu; sasa yuko Singida,
anachora alizeti kwenye ukuta wa kiwanda cha mafuta,
na nasikia nazo ameziwekea kope.
Basi yule wa pembeni ana jicho moja.
Watoto wa shule wanasema anakonyeza,
nao wanamkonyeza, wakienda, wakirudi.

Jana Bibi Mwasiti, mwenye harusi ya mjukuu,
alisimama nje muda mrefu, mkoba kifuani.
Akaingia, akavua mtandio, akakaa.
"Nisuke kama yule."
Yupi, bibi?
Akanyoosha kidole kwa yule wa cheche.
"Yule wa zamani."
Nikachukua kitana.