Daftari la Jua

Kabla hatujanunua hata msumari,
Tusekile alichukua daftari la hesabu la Lugano,
lile lililobaki nusu,
akaanza kuhesabu jua.

Mwaka mzima. Kila jioni akitoka kuchuma chai,
kabla hajavua gambuti:
vema, kama jua limewaka,
mkato, kama limechungulia likaona haya,
sifuri, kama hatukuonana.

Nilimcheka. Nani anapima mbingu ya Tukuyu?
Huku mvua si mgeni wa kukaribishwa,
mvua ni mwenye nyumba, sisi tumepanga.
Aprili ile alijaza sifuri ishirini na moja,
zimejipanga kama mayai ya bata.

Mwanjelwa, saa saba mchana,
jua likipiga mabati ya soko,
fundi Nsajigwa aliiegemeza paneli kwenye ndoo,
akachomeka taa, ikawaka mchana kweupe
kama inatutukana.
"Wati mia, mama. Taa sita, redio,
na televisheni juu yake."

Tusekile akafungua daftari katikati ya betri.
"Hizo mia ni za hapa.
Mimi nanunulia kule."

Fundi alisoma. Ukurasa wa Aprili aliusoma mara mbili.
Akafunga mdomo,
kisha akalifunga na boksi la televisheni.
"Basi chukua paneli mbili," alisema polepole, kama daktari,
"na taa tatu.
Na betri msiikamue mpaka tone la mwisho."
Pesa ya parachichi, misimu miwili,
ikahama mfuko pale pale.

Paneli, alituambia, itazame kaskazini.
Sasa kaskazini kwetu ni Mlima Rungwe,
kiwanda chenyewe cha mawingu!
Ni kumwekea mwizi kiti mlangoni
ukitumaini atarudisha kuku.
Nilikaza boliti hivyo hivyo.

Jirani yetu Mwaipaja alinunua paneli moja na skrini pana.
Juni, mechi ikiwa dakika ya themanini,
picha ilijikunja ikawa mstari, ikawa nukta, ikafa.
Watoto walirudi makwao gizani
wakibishania bao ambalo hakuna aliyeliona.

Sisi tuna taa tatu: jikoni, mezani kwa Lugano,
na ya tatu chumbani kwa mama yangu.
Kijitaa cha kontrola tunakiamkia kabla ya watu.
Kikiwa kijani, simu za majirani zinapokelewa.
Kikiwa chekundu, hata mchungaji harudi na chaji.

Nimejifunza kwamba wingu nalo linavuja.
Siku ya ukungu mweupe, ule wa kuficha migomba,
paneli hupata kidogo,
kama mtoto aliyekuta sufuria tupu
akakomba ukoko.
Kwa hiyo napanda na kitambaa,
nafuta moshi wa jiko na majani yaliyonata,
napangusa kioo nikiwa sioni hata bati la jirani.

Mwezi uliopita nilitafuta risiti ya mbolea,
nikalifungua daftari bahati mbaya.
Kumbe hakuacha kuandika.
Julai, sifuri. Sifuri. Sifuri. Sifuri.
Kwenye ya tano, kwa penseli, pembeni:
*Nimezima jikoni na kwa Lugano. Abaki nayo mama.*
Na chini yake:
*Saa kumi alfajiri. Ametuona wote.*

Mimi usiku ule niliukumbuka kwa giza.
Ningeapa kwamba tulimfumba macho kwa kupapasa.
Lakini nikakaa na lile daftari, na kweli,
nikauona mkono wa Tusekile juu ya shuka,
nikaona pete yake, na sabuni ndani ya beseni,
vitu ambavyo mtu haoni gizani.

Sikumwambia kitu.
Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa mpaka kizingitini.
Nilichukua ngazi na kitambaa.
Jioni, yeye akivua gambuti,
alikuta mstari wa leo umeshajazwa,
mkato, kwa mwandiko wangu mbaya.
Akautazama.
Akauliza, "Ulichungulia saa ngapi? Mbona mimi sikuuona?"