Ngozi ya Moshi

Mchoro ulikuwa mistari mitupu:
nyumba juu ya magogo, maksai wanne,
kamba, watu wanane wenye migongo iliyopinda,
na bomba la jiko likitoa moshi,
maana huko Chiloé nyumba huhama na moto wake.
Wino mweusi. Ndani ya wino, hewa.

Marisel Nahuelquín anawasha kompyuta saa tatu usiku,
mvua ya Castro ikigonga bati kama mtu anayedai.
Mhariri wa Santiago anautaka ukurasa Ijumaa.
Leo ni Alhamisi.

Tabaka la juu ni mistari: anaitia kufuli
isije ikaguswa na mkono wenye usingizi.
Chini yake anaanza kuvisha.
Maksai wa mbele anapata zulia la mlangoni kwa jirani,
lile lenye matope; amependeza kuliko maksai wa kweli.
Wa nyuma, ganda la mkate ulioungua.
Tope ni maganda ya viazi,
aliyapiga picha kwenye sinki kabla hayajakauka.
Bahari ni nailoni ya kufunikia kuni.
Mvuta kamba mmoja amevaa soksi ya sufu kuwa sweta,
na kisigino cha soksi kimemkaa kwenye kiwiko sawasawa.
Marisel anacheka peke yake.

Picha ni kubwa, umbo ni dogo.
Linalozidi halikatwi, linafichwa tu:
nyeusi inaficha, nyeupe inafunua,
ndiyo sheria ya barakoa.
Anawajua watu walioishi hivyo.

Kisha ukuta.
Huu aliupiga picha miaka sita iliyopita, kwao Quemchi,
upande wa kusini: vigae vya mbao vilivyolaliana kama magamba,
kijivu cha chumvi, misumari inayolia kutu,
na kwenye kigae cha tatu kutoka chini
herufi E, aliyoichonga Eliecer kwa kisu akachapwa.
Anachagua “zidisha”.
Mbao zinashuka ndani ya mistari,
wino unazama kwenye nyufa,
na nyumba, kwa mara ya kwanza, ina uzito.
Sasa inaeleweka kwa nini migongo ile imepinda.

Anamtumia kaka yake. Simu inaita papo hapo.
Ndani yake upepo, na kikohozi.
“Umeutoa wapi ukuta wetu?”
“Ninao. Niliupiga picha.”
“Ule tuliuchoma, Mari. Julai ya mwaka juzi, ile baridi.
Kuni zimelowa, mtoto ana kifua.
Nikapigilia bati. Lakini uliwaka vizuri,
mbao kavu ya miaka themanini. Siku tisa.”
“Na E?”
“E iliwaka kama nyingine.”

Anakata simu. Anasogeza kipanya
mpaka kwenye jicho dogo kando ya tabaka.
Analifumba: nyumba inaondoka, mistari inabaki.
Analifumbua: imerudi.
Fumba. Fumbua.
Mara nne, kama anayebonyeza swichi
katika nyumba aliyokwisha kuambiwa haina umeme.

Saa nane. Kila kitu kimevikwa isipokuwa moshi.
Alikuwa amepanga pamba. Baadaye povu la maziwa.
Ana kabrasha zima la mawingu, yote mazuri.
Anarudi kwenye ukuta. Anaunakili,
anauvuta juu, anaupinda, anauvuruga kidogo
mpaka vigae vifuatane kama ubavu wa kitu kinachoogelea angani,
anaubana ndani ya ule mstari mwembamba wa bombani,
anaufifisha: asilimia themanini, hamsini,
thelathini.
Ukisogea karibu sana, msumari mmoja bado unaonekana.

Kesho wachapaji watayakandamiza yote,
matabaka kumi na tisa yawe karatasi moja,
na siku moja mtoto fulani ataweka kidole kwenye moshi
aseme una magamba,
na mama yake atamwambia geuza ukurasa.

Mvua haijakoma. Marisel anahifadhi kazi,
anainuka, anatia ukuni jikoni.