Hoza, Nafasi ya Pili

Mia tano kwa siku.
Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya LUKU
kwa kalamu ya madeni ya maandazi:
mia tano ya Kibwana, banda la gemu la Mabawa,
mara siku thelathini, elfu kumi na tano,
na bado anarudi ananuka sigara za watu wazima.

Nikasema basi, banda lihamie Barabara ya Kumi na Tatu,
chumba cha pili, kando ya gunia la unga.

Wanasema kipya kinyemi ingawa kidonda.
Kidonda sikukitaka. Nilichagua kovu.

Mwalimu Semkiwa kanunua runinga bapa, ya kutundika kama kalenda.
Ile ya zamani iko uani, kuku anataga juu yake.
"Chukua kwa elfu kumi. Dunia imeshaipa kisogo."
Nami nikaipokea na chogo lake,
nikaifunga kwa leso nyuma ya baiskeli,
nikaisukuma polepole kutoka Chuda
kama ninayemrudisha mgonjwa kutoka Bombo.
Watu wakanipa pole. Nikaitikia.

Deki, na pleisteshen iliyopauka,
kwa muuza mitumba wa Mgandini.
Kifuniko hakikubali kufunga,
tumekitwika kijiwe cha kusugulia nyayo.
Padi moja. Kitufe cha pembetatu kimezama,
kukibonyeza mpaka utafute ncha ya ufunguo.

Waya wa njano ulikatika ndani kwa ndani.
"Rangi ni heshima tu," akasema Mwantumu fundi,
kidole gumba chake kina alama ya moto.
"Shaba haijui rangi."
Akachomeka nyekundu penye njano.
Picha ikaja kijani, kama maji ya bwawa,
mpaka alipoipiga kofi ubavuni,
la upole, la kumwamshia mtoto alfajiri.

Spika ni ya pikapu iliyofia Kange.
Nimeitia ndani ya chungu kilichopasuka mdomo.
Filamu ya kwanza, farasi walipopita,
vikombe kabatini vikaitikia,
Mama Sheshe akagonga ukuta: kuna nini huko?
Njoo, nikamwambia. Njoo na mkeka wako.

Usiku wa tatu Kibwana akanifuata jikoni, sauti chini.
"Mama, kadi ya kuhifadhia imejaa.
Kuna mtu ndani."
Nikaenda na mwiko mkononi.
HOZA, kwa herufi kubwa.
Msimu wa saba. Nafasi ya pili.
Pointi moja nyuma, mechi mbili zimebaki.

Nikarudi Mgandini kuuliza.
Muuzaji akakuna kidevu: ilitoka kwenye mzigo wa Muheza,
au Korogwe, ndani ya kiroba
pamoja na viatu vya shule na pasi ya mkaa.
Hoza hamjui. Bei ya kiroba anaijua.
Kadi nyingine ni elfu saba.
Elfu saba ni unga.

Kwa hiyo hatuhifadhi.
Kila jioni Kibwana anaanza msimu upya,
anapanda, anafika wa tano, wa nne,
kisha mita inalia mlio wake wa njaa,
giza linaingia na ligi nzima inakufa.
Kesho anaanza sifuri, bila kununa,
jambo ambalo shuleni hawajawahi kuliona.

Jana nilimkuta amefungua jina lile.
Hachezi. Anatazama tu.
"Mechi mbili tu, Mama. Ningemshindia."
Mbona humshindii?
Akazima. Akarudisha kijiwe juu ya kifuniko.
"Akija kuidai je?"

Sikuwa na jibu.
Nikaenda kukanda unga,
maandazi sitini, na manne ya Mama Sheshe,
kwa mkopo.