Ngao Sita za Ijumaa Kuu

Mwaka juzi nilizichonga kwa mninga.
Kosa langu, sikatai.
Mtoto wa Malogo, askari wa pili kushoto,
alielemewa kabla ya kituo cha nne;
ngao ikamponyoka, ikatua juu ya unyayo wa Yesu,
na Mpwapwa nzima ikaona damu isiyoandikwa.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuzunguka chini ya Kiboriani
nikigonga miti kwa mgongo wa panga.
Mkungugu hujibu ka! kama aliyeamshwa usingizini,
hasira zake zi karibu na gome:
mwonyeshe msumari tu, kapasuka.
Mpingo sikuugonga. Nani abebe jiwe?

Kumbe ulikuwa uani kwangu.
Mwamba-ngoma, fito niliyoichomeka
juma alilozaliwa Nyendo,
si kwa ukumbusho,
ni mbuzi wa Chidumizi walikuwa wakinimalizia mchicha.
Fito ikakataa kuwa fito.

Nikaukata katikati ya kiangazi, jani hakuna,
maji yake yamelala mizizini.
Mbao zikakaa darini, juu ya moshi wa jikoni,
miezi mitano.
Zilizotaka kujikunja zikajikunja.
Hizo tulipikia ugali.

Katekista Ndahani kasoma mahali:
Warumi walibandika vibao vyembamba, tabaka tatu,
la kati likiwakingamia wenzake,
kisha juu wakavuta ngozi.
Nikacheka peke yangu.
Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake!
Basi nikamtafuta beberu, nikachemsha gundi ya kwato,
mke wangu akahamia kulala kwa dada yake.

Ya kwanza niliijaribu kwa mkuki wa marehemu baba.
Mkuki ukaingia, ukanasa.
Ubao haukupasuka.
Nikauvuta, hautoki;
ulaini ule ule nilioudharau ukiwa ua
umeushika chuma kama mama amshikavyo mtoto mkorofi mkono,
bila kupaza sauti.

Wavulana hawakutosha, wengine wako machungani,
kwa hiyo Nyendo ni Mrumi.
Anainua ngao kwa mkono mmoja, anasahau kununa:
"Baba, nyepesi!"
Nyuma yake anakuja mwenye msalaba, jasho kweli kweli.
Ule nao ni kazi yangu.
Waliniuliza kama nao niupunguze uzito.
Nikasema nitafikiri.
Nimeuacha wa mkungugu.

Uani kisiki kimetoa machipukizi matatu.
Mbuzi wa Chidumizi amesimama,
anayahesabu.