Kwao Kila Kitu Hukimbia

Halifax, mji wa mawe meusi kilimani:
nilipanga chumba juu ya duka la saa.
Mwenye duka, Wilfred Barraclough, polio ilimkausha mguu wa kushoto
akiwa na miaka minne, na tangu hapo
chuma kilimshika kutoka nyonga hadi kisigino.
Hakuwahi kukimbia. Mvua ikimkuta katikati ya barabara
aliipokea yote, hadi tone la mwisho.

Lakini kinywani mwake kila kitu kilikuwa mbioni.
Asubuhi pua yake ilikimbia.
Bomba la jikoni lilikimbia usiku kucha.
Wino wa risiti, ukiloa, ulikimbia,
na soksi ndefu za binti yake Hilary zilikimbia
kutoka gotini hadi kifundoni, kwa uzi mmoja tu kukatika.
Basi la Huddersfield halikimbii Jumapili, alinionya,
nami nikaliona limekaa kitako mahali, linachua magurudumu.
Duka lenyewe alilikimbiza miaka arobaini na mmoja.
Kulikimbiza kutoka wapi?
Na lilipochoka, lilijificha wapi?

Nikachukua daftari. Kushoto, kitenzi kimoja;
kulia, maana zake, mpaka ukurasa ukajaa nikageuza.
Usicheke.
Nasi tunapiga pasi na shati halilii,
tunapiga simu na haivunjiki,
na mtu akipiga moyo konde
hakuna anayemwitia daktari.
Kila lugha ina punda wake,
kitenzi kimoja kifupi inachokitwisha nyumba nzima.

Siku moja alirudi kutoka posta
akasema amemkimbilia Agnes Holroyd,
waliyeachana mwaka wa hamsini na nane.
Nikakitazama kile chuma.
Nikamwona, kwa ujinga wangu, mzee wa miaka sabini na tisa
akitimua mbio juu ya mawe yaliyolowa,
koti nyuma yake, mikono wazi.
"Hapana," akacheka. "Tumekutana tu. Foleni ya stempu."
Lakini miwani aliifuta mara mbili,
na lile kosa sikulifuta daftarini.

Novemba, Hilary akasema baba anakimbiza joto.
Daktari akaja, akauliza kama moyo mbovu
unakimbia katika ukoo.
"Unakimbia," akajibu. "Kwa baba, kwa babu.
Kwetu sisi, moyo ndio wenye miguu."
Jioni binti alimkimbizia maji ya kuoga.
Niliyasikia kutoka juu,
yakikimbia, yakikimbia,
kisha mkono ukayafunga.

Mtu wa huko akiishiwa sukari
husema amekimbia akatokea nje ya sukari.
Nje ya mkate. Nje ya sarafu za mita ya gesi.
Wiki ile sikutaka kuandika
alitokea nje ya nini.
Wahenga wetu wana neno: mbio za sakafuni
huishia ukingoni.
Nikalirudia ngazini, likanikwama.
Mbio zipi? Alikuwa ameketi.

Hospitali ilikirudisha chuma katika mfuko wa plastiki
pamoja na soksi moja na meno.
Hilary alisimama nacho dukani muda mrefu,
akakiweka kaunta, akakiondoa,
akakiweka tena.

Kwenye droo tulikuta vikaratasi,
labda mia, vimefungwa kwa mpira.
Kila saa aliyoiponya aliifunga kimoja shingoni
ili mwenyewe akija asiulize.
Alikuwa ameviandika mapema, kwa mwandiko wake wa kuinama,
neno moja tu, lile lile:
Inakimbia.

Nilipewa kimoja. Nimekibandika
upande wa kulia wa daftari,
chini kabisa, palipokuwa na nafasi.
Sijakiandikia maana.