Sahani ya Baba Kabwit

Mwezi wa nane, hapa Katuba,
maji ya kufulia hayamwagwi njiani.
Nayaacha yatulie kwenye beseni, sabuni ishuke chini,
kisha kikombe kwa kikombe
nayapeleka kwa lengalenga zilizobaki,
mistari mitatu nyuma ya choo,
majani madogo kama masikio ya panya.

Udongo huu sikuupata bure.
Niliubomoa kwenye kichuguu kule Kisanga,
ndoo kumi na nne, kichwa hadi kichwa, mimi na Chola,
na mchwa wakatufuata mpaka nyumbani
kama wenye deni lao.

Mwezi wa kumi jua linakaa juu ya bati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Wingu linakuja, linatuangalia,
linaenda zake Zambia.

Halafu usiku mmoja, bila hodi,
mvua.
Natoka na kanga kichwani kupanga bidoni chini ya paa,
na ng'ambo ya ukuta nasikia bidoni nyingine zikipangwa.
Kumbe naye yuko macho.
Hatusalimiani.
Mwaka wa pili huu, tangu mfereji wake
ulipobomoa tuta langu la viazi,
nami nikasema neno mbele ya watoto wake,
neno ambalo mvua zote hizi hazijaliosha.

Mbegu za maboga zilikuwa ndani ya soksi, juu ya kabati.
Nikazifukia tatu tatu.

Desemba tunakula majani.
Unavunja kikonyo, unavuta uzi wake taratibu,
unamvua jani soksi zake.
Kitunguu, nyanya mbili, maji kidogo,
kisha karanga za kutwanga,
na hapo usiondoke kwenye mbabula,
hata kama mtu anakuita langoni,
hata kama mtu huyo amekuja kulipa.
Karanga zikipanda zimeshamwagika.
Bukari nasonga kwa unga wa mahindi na wa muhogo,
nusu kwa nusu, alivyosonga mama.
Chola anasema yangu ina madonge.
Anakula madonge yote.

Lakini mmea haujui habari za watu.
Februari ulipanda ukuta,
ukapita katikati ya vipande vya chupa
bila kujikata hata jani,
ukashuka upande wa pili na kuzaa huko
boga moja, la kwanza kuwa kubwa.

Nilisimama juu ya kigoda, nikachungulia.
Alikuwa amelilaza juu ya tairi kuukuu, lisioze.
Nikamsikia akimwambia mtoto:
"Usiguse. Si letu."
Nikashuka kigodani polepole,
kama mwizi aliyekuta mlango wazi.

Machi. Mvua inapungua, kama mtu anayehesabu chenji.
Aprili. Majani yanakauka, kamba inabaki.

Siku ya Jumapili Chola akaingia na sahani ya bati,
ukingo wa buluu, imefunikwa kitambaa:
vipande vya boga vilivyochemshwa na maganda yake,
sukari nyingi mno, chumvi hakuna,
mapishi ya mwanaume ambaye mkewe yuko Kolwezi.
Pembeni, ndani ya karatasi ya daftari,
mbegu.
Zimeoshwa. Zimeanikwa.
Nilizihesabu, Mungu anisamehe,
na sikuona kama kuna iliyobaki kwake.

Sasa ni Juni. Baridi ya asubuhi inauma vidole,
vumbi limerudi kukaa juu ya kila kitu.
Sahani iko rafuni, safi, wiki ya saba,
na sahani ya mtu hairudi tupu.
Bustanini nina nini?
Lengalenga zimetoa maua. Nyanya zimenyauka.
Yako matembele, kwenye lile tuta, lile lile,
magumu kidogo, lakini yapo.

Nachuma jani kwa jani.
Nayapika mpaka yalegee.
Chumvi nimeionja mara tatu,
na bado Chola ananiuliza
kwa nini nimevaa viatu.